Komwe 64: uchambuzi wa kisa cha msuka ukili aliyepata kiharusi

## Kwa nini kisa hiki

Mgonjwa wa kiharusi akishatoka wodini, familia nyingi huona matibabu yamekwisha na kilichobaki ni kumwombea na kusubiri. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Kisa hiki nimekichagua kwa sababu kinamwonyesha, kwa vipimo, mgonjwa aliyerudi nyuma akiwa mikononi mwa watu wanaompenda sana, kisha akasonga mbele katika nyumba ileile, akiwa na watu walewale. Hakuna mashine iliyoletwa. Kilichobadilika ni kiasi cha kazi ambayo mwili wake ulipewa kila siku, na namna kiasi hicho kilivyoandikwa na kuongezwa.

Mgonjwa na watoto wake wameridhia kisa kiandikwe. Mahali, umri na baadhi ya mambo ya familia nimeyabadilisha. Nitamwita Bi K., herufi ambayo haimo kabisa katika jina lake.

## Alivyokuwa kabla

Bi K. alikuwa na miaka 68, mjane, mtumiaji wa mkono wa kulia. Tangu usichana wake amesuka ukili. Miyaa ikishaanikwa, ikachanwa na kutiwa rangi, aliisuka kuwa mshipi mrefu, na kili zikitosha alizishona mkeka. Ni kazi ya vidole vyote kumi, na yeye aliifanya huku anazungumza na wageni bila kuitazama mikono.

Presha aligunduliwa nayo miaka mingi iliyopita. Vidonge alimeza siku ambazo kichwa kilimgonga, na kichwa kikitulia aliviweka. Magoti yalimuuma, akiinuka mkekani ilibidi ashike ukuta, na mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka uani mara mbili. Mambo haya nayataja mapema kwa sababu kiharusi hakikumkuta na mwili wa kijana. Misuli ya miguu ilikuwa imeshapungua kwa umri, na mtu wa namna hiyo hana akiba ya nguvu ya kupoteza kitandani.

Alikuwa akiishi na binti yake mkubwa, mkwe, na wajukuu watatu. Mmoja wa wajukuu, msichana wa kidato cha pili, ndiye aliyekuja kuwa mtu muhimu kuliko wote katika kisa hiki.

Si kisa cha nadra. Uchunguzi uliofanywa Hai na Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi kwa mwaka ni kama 108 kwa kila watu 100,000 Hai, na kama 315 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Mtu anayesoma huku yuko mjini pwani hana haja ya kutafuta mbali mfano wa pili.

## Siku mbili za mwanzo

Ilikuwa alfajiri, anatawadha. Kopo likamponyoka mkononi. Akainama kuliokota, likamponyoka tena, na binti yake alipotoka kumwangalia akaona mdomo umekwenda upande na maneno hayatoki sawasawa. Jirani aliyeitwa alisema ni upepo umempiga. Akasomewa, akanyweshwa kombe, akalazwa. Hospitali alifika siku ya pili adhuhuri.

Simlaumu mtu kwa kumsomea mama yake. Dua na gari la kwenda hospitali vinaweza kuondoka nyumbani kwa wakati mmoja. Kumnywesha, lakini, ni jambo la hatari: upande ukishalegea, koo nalo linaweza kulegea, na kinachomezwa kikaingia kwenye njia ya hewa. Bi K. alipaliwa vibaya na lile kombe, na binti yake alinisimulia hilo bila kujua kwamba lingeweza kumletea nimonia. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakigoma, mgonjwa asipewe kitu chochote mdomoni mpaka apimwe anavyomeza.

Presha alipopokelewa ilikuwa 210 kwa 118. Kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya ubongo, alichopelekwa kufanyiwa katika hospitali nyingine, kilionyesha mshipa ulioziba upande wa kushoto wa ubongo. Hakukuwa na damu iliyovuja. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo kwake muda ulikuwa umekwisha hata kama dawa ingekuwepo. Alianzishiwa aspirini, na presha ikaachwa ishuke taratibu, maana katika siku hizo ubongo uliokosa damu unahitaji msukumo.

## Maamuzi ya wodini

Uamuzi wa kwanza ulihusu lini ainuliwe. Ndugu walitaka alale tu "mpaka damu itulie". Baadhi ya wenzangu wa kazi wana mwelekeo wa kinyume, kwamba mapema zaidi ni bora zaidi. Utafiti mkubwa uitwao AVERT, uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi 5, uliwashangaza wengi: walioinuliwa mapema sana na kwa wingi zaidi ndani ya saa 24 walifikia hali nzuri baada ya miezi 3 kwa asilimia 46, na waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida kwa asilimia 50. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba vipindi vifupi vinavyorudiwa mara nyingi vina faida kuliko kipindi kimoja kirefu. Bi K. tayari alikuwa amevuka saa 24, basi tukaamua akae ukingoni mwa kitanda dakika chache, mara kadhaa kwa siku, kisha asimame kwa kushikwa pande mbili. Siku ya tano alikuwa anahamia kitini.

Uamuzi wa pili ulikuwa bega. Mkono uliopooza ni mzito na misuli inayolishika bega imelala, hivyo kila anayeuvuta anazidi kuliachanisha. Uliwekewa mto wakati wa kulala, na kanga iliyokunjwa wakati wa kukaa.

Kuna jambo ambalo halikufanyika. Siku mbili tatu za mwanzo, mtu yeyote wodini anaweza kumwomba mgonjwa anyooshe vidole vya mkono uliolegea na auinue mkono huo kwenda pembeni kutoka begani, akaandika alichokiona. Watafiti wa Uholanzi walichapisha mwaka 2010 kwamba mgonjwa anayeweza kufanya hayo mawili, hata kidogo, ndani ya siku 2, ana uwezekano wa asilimia 98 wa kurudisha kiasi fulani cha ustadi wa mkono baada ya miezi 6; asiyeweza yote mawili ni asilimia 25. Katika jalada la Bi K. pameandikwa "upande wa kulia dhaifu", basi. Maneno hayo hayakumsaidia mtu yeyote baadaye, wala mimi wala familia iliyouliza kila juma kama mkono utarudi.

Siku ya tisa aliruhusiwa. Alikuwa anasimama kwa kushikwa na mtu mmoja, na anapiga hatua chache. Familia ilipewa karatasi yenye mazoezi na kuambiwa irudi kliniki.

## Wiki tano za nyumbani

Hawakurudi mpaka wiki ya 7. Nauli ya bajaji kwenda na kurudi ilikuwa mzigo, na kulikuwa na gharama nyingine iliyokuwa imeshakula pesa: mtu wa duka la dawa alikuwa akija nyumbani kumchoma sindano za vitamini "za kuamsha mishipa". Sindano hizo hazirudishi mwendo kwa mtu ambaye hana upungufu wa vitamini. Nilipopiga hesabu na mkwe wake, pesa ya sindano ingetosha nauli za miezi.

Asubuhi na jioni alikuwa akikandwa kwa mafuta ya nazi na maji ya moto. Kukanda kwa upole hakuna ubaya, kunamliwaza mgonjwa na kumfanya ahisi bado ana watu. Lakini mkono wenye ganzi haujui joto, na kiwiko chake kilikuwa na kovu la kuungua. Zaidi ya hapo, kukanda kulichukua nafasi yote ya mazoezi. Aliogeshwa, akalishwa, akavalishwa, akabebwa hadi chooni. Akitaka kikombe alikitazama tu, kikamfikia mdomoni.

Alipoingia kliniki niliona kwanza mguu wa kushoto, mguu mzima. Paja lake lilikuwa limenywea. Kiharusi hakikuugusa mguu ule. Ulikuwa umelazwa tu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani wazee 12 wenye afya njema kwa siku 10, na misuli ya miguu ikapungua karibu kilo nzima. Wazee wale walikuwa wazima. Bi K. alilala zaidi ya mwezi.

Vipimo vya siku hiyo vilikuwa hivi. Kuinuka kitini bila kushikwa: hawezi. Mita 10 kwa kushikwa na mtu mmoja: sekunde 48, yaani mita 0.21 kwa sekunde. Kipimo cha Barthel, kinachopima kula, kuoga, kuvaa, choo na mengineyo: 45 kati ya 100. Bega lilikuwa limeshuka kiasi cha kidole kimoja na nusu kuingia kwenye pengo, na linauma akiguswa, kwa sababu nyumbani walimwinua kwa kuvuta kwapa. Vidole vilikunja kwa nguvu kiasi. Kukunjua ndiko kulikokuwa taabu: kifundo cha mkono kiliinuka nyuzi 10 na ushei, na kidole gumba kilitikisika tu. Maneno yalikuwa yamerudi sehemu kubwa, ingawa majina ya vitu yalimkimbia.

Nilimuuliza anataka nini. Alifikiri kwa muda, kisha akasema: "Choo, mwanangu. Niende mwenyewe." Halafu akautazama mkono wake wa kulia na kutaja miyaa.

## Mpango, na sababu za kila sehemu yake

Kliniki mara moja kwa wiki ndiyo iliyowezekana. Kwa hiyo kazi yote ya kweli ilipaswa kufanyika nyumbani, na hapo tatizo la kiasi likaja wazi. Watafiti waliokaa pembeni na kuhesabu kinachofanyika katika vikao vya mazoezi Marekani na Kanada waliripoti mwaka 2009 kwamba mkono uliopooza hurudia tendo lenye maana wastani wa mara 32 tu kwa kikao. Wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulionekana kujipanga upya walirudia mara mia kadhaa kwa siku. Mwaka uliofuata timu hiyohiyo ilionyesha kwamba wagonjwa wanaweza kufikisha zaidi ya marudio 300 kwa saa moja wakipangiwa vizuri. Kwa hiyo "fanya mazoezi kidogo kidogo" ni agizo lisilo na dozi. Hakuna daktari anayeandika "meza vidonge kidogo kidogo".

Tulihitaji namna ya kuhesabu ambayo haimchoshi mtu. Kaka yake Bi K. ni mchezaji bao, akatoa komwe zake. Bao kamili lina komwe 64, ni ngumu, laini, na ukubwa wake unatosha mkono usioweza kushika kitu chembamba. Zilitiwa kwenye sinia mbele yake. Kazi ni kuchukua moja moja kwa mkono wa kulia na kuitia kwenye kopo la maziwa. Kopo likijaa komwe zote, hilo ni "bao moja", na mjukuu anachora mstari kwenye daftari. Tulianza na bao moja kwa siku. Lengo lilikuwa bao tano, yaani marudio 320.

Kushoto alivaa soksi nene ili mkono ule usidokoe. Hii ni sehemu ya tiba ya kuubana mkono usiopooza, iliyotokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani Edward Taub, aliyeonyesha kwamba kiungo kilichoshindwa mara nyingi hujifunza kutotumika hata pale uwezo unapokuwa umeanza kurudi. Katika utafiti wa EXCITE wa mwaka 2006, wagonjwa 222 walivaa glavu asilimia 90 ya muda wa kuwa macho kwa wiki 2, wakifanyishwa kazi hadi saa 6 kwa siku. Kwa Bi K. sikutaka kipimo hicho. Mkono wa kushoto ndio ulioshika fimbo, na mzee aliyekwisha kuanguka mara mbili huwezi kumfunga mkono wa kujiokolea. Soksi ilivaliwa saa mbili tu, akiwa ameketi.

Miguu ilipewa zoezi moja kubwa: kuinuka kitini. Kiti cha plastiki kiliongezwa urefu kwa godoro la mtoto lililokunjwa mara mbili, ainuke mara 5, apumzike, arudie, mara 4 kwa siku. Kila wiki unene ulipunguzwa. Familia iliogopa kumwinua mzee wa miaka 68 mara nyingi kiasi hicho. Niliwaeleza kwamba mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa wazee 100 wa nyumba ya kulelea huko Boston, wastani wa umri miaka 87, na nguvu za misuli za walioinua uzito ziliongezeka zaidi ya maradufu ndani ya wiki 10. Mkwe aliuliza mara mbili kama ni 87 au 67.

Mkwe huyohuyo alikuwa ameona kwenye simu mashine ya kumtembeza mgonjwa akiwa ananing'inizwa, akataka kujua wapi inapatikana. Utafiti wa LEAPS wa mwaka 2011, wenye wagonjwa 408, ulilinganisha mashine ya namna hiyo na mazoezi ya nguvu na mizani (kusimama bila kuyumba) yanayofanyika nyumbani chini ya mtaalamu. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana katika kutembea. Kwa hiyo tulipima uani kwa futi kamba mita 10 kutoka mlango wa nyuma hadi mwembe, na mjukuu akawa anapima kwa simu kila siku na kuandika sekunde kwenye kalenda ukutani. Kumwambia mgonjwa kasi yake kila siku ni tiba yenyewe: utafiti wa kimataifa wa mwaka 2010 ulikuta walioambiwa walitoka hospitali wakitembea mita 0.91 kwa sekunde, wasioambiwa 0.72.

Bega likawekewa sheria tatu. Asivutwe mkono. Asiinuliwe kwa kwapa, bali kwa kanga iliyozungushwa kiunoni. Mkono usipandishwe juu ya bega na mtu mwingine, wala kwa kamba ya kuvutia. Dawa za presha kila siku, na kipimo kabla ya mazoezi. Tulikubaliana na daktari kwamba namba ya juu ikizidi 180 siku hiyo apumzike na wapige simu.

## Mwenendo

Binti mkubwa hakuupenda mpango huu. Nilikuwepo nyumbani siku ambayo kikombe cha chai kiliwekwa upande wa kulia wa mama yake. Mkono wa Bi K. ulitoka pajani, ukasita, ukakigusa kikombe kwa nyuma ya vidole na kukisukuma mbali. Mkono wa binti ulikuwa umeshafika nusu ya njia. Nilimwomba asubiri. Mama alijaribu tena, jasho likimtoka, akakishika na kumwaga robo ya chai mkekani. Binti akalia na kusema tunamtesa. Bi K. ndiye aliyemjibu, kwa maneno yaliyokuwa bado yanakatika: "Niache. Nimeshika."

Kaka yake Bi K. aliitwa, na kikao cha ukoo kikakaa. Kilichotatua mambo ni kugawana kazi: binti akabaki na dawa, chakula na kumwogesha mgongo, yaani yale ambayo mama hakuyaweza kabisa, na kila kitu ambacho mama angekiweza nusu, aachiwe nusu hiyo. Binti alihitaji kubaki na kazi yake kwa mama, na mpango wangu wa mwanzo haukuwa umempa.

Komwe ziligoma kwanza mahali nilipotarajia, kwenye kuachia. Vidole vilikamata komwe na kuing'ang'ania juu ya kopo, kadiri anavyojitahidi ndivyo vinavyokaza. Mjukuu alifundishwa kumwambia, "Bibi, lala kiganja," yaani akilegeze kifundo kiiname. Kifundo kikiinama, kano za vidole hujivuta na vidole hufunguka vyenyewe kidogo. Komwe ikaanguka. Bao la kwanza lilichukua karibu saa nzima. Wiki ya 12 alimaliza bao tatu asubuhi, na mita 10 alizitembea kwa fimbo, bila kushikwa, kwa sekunde 29.

Kisha Ramadhani ikaingia. Shekhe wake alimwambia ana udhuru, hakufunga. Lakini nyumba nzima iligeuka: watu wakalala mchana, mjukuu akachoka, daftari likawa na kurasa tupu. Sekunde za kalenda zikasimama palepale. Tulihamishia komwe baada ya futari na kuinuka kitini kabla ya daku, ikarudi nusu ya kiasi. Nusu ilitosha kumlinda asirudi nyuma, haikutosha kumsogeza.

Siku chache baada ya Idi alianguka kizingitini mwa choo, usiku, peke yake. Hakuvunjika, ila alikataa kutembea kwa karibu wiki. Mkwe alisawazisha kizingiti kwa saruji na kuweka bomba la chuma ukutani la kushikilia. Kazi hiyo ilichukua nusu siku, na ilikuwa muhimu kuliko zoezi lolote la mizani nililompa.

## Matokeo ya miezi 6

Mita 10 kwa fimbo: sekunde 17, yaani mita 0.59 kwa sekunde. Kwa kawaida aliye chini ya 0.4 hutembea ndani ya nyumba tu, na aliyevuka 0.8 hutembea nje bila kizuizi kikubwa; yeye yuko katikati, anafika kwa jirani na dukani. Barthel: 85. Kuinuka kitini, bila kushika, kwenye kiti cha kawaida: mara 8 kwa sekunde 30. Chooni anakwenda mwenyewe, mchana na usiku.

Bega linauma kidogo siku za kazi nyingi, na pengo lipo bado.

Mkono unashika kikombe, unakunja kanga, unabana miyaa. Kusuka ukili haujaweza. Vidole haviwezi kupitisha uzi wa muwaa chini na juu kwa kasi ya kusuka, na nimemweleza kwamba sidhani vitafika huko. Anachokifanya sasa ni kushona: anakandamiza ukingo wa kili kwa mkono wa kulia, na kupitisha shazia kwa kushoto. Kili zinasukwa na wanawake wawili wa mtaani, yeye anashona mikeka na kugawana nao mauzo.

## Uchambuzi

Inajaribu kusema komwe zimerudisha mkono. Mgonjwa mmoja hathibitishi hivyo. Sehemu kubwa ya kupona kunakokuja kwenyewe hutokea miezi 3 ya mwanzo, na yeye alikuwa ndani ya muda huo tulipoanza. Kiasi fulani kingerudi hata bila sisi. Kwenye miguu naamini maelezo ni mengine kabisa. Miguu yote miwili iliongezeka nguvu, hata ule ambao kiharusi hakikuugusa. Maana yake sehemu kubwa ya kasi aliyoipata ilikuwa ni deni la wiki tano za kulazwa likilipwa, juu ya udhaifu wa umri uliokuwepo tangu zamani. Ubongo ulichangia, lakini ulemavu tuliouona wiki ya 7 haukuwa wote wa ubongo. Kwa mgonjwa mzee ni lazima kuuliza kila mara: hiki ni cha kiharusi, au ni cha kitanda? Cha kitanda kinarudishika, na ni rahisi zaidi kukizuia.

Mkono unaeleza upande wa pili. Marudio 320 kwa siku yalimpa kushika na kuachia, na yakaishia hapo. Pale ambapo njia kuu ya neva kutoka ubongoni imeharibika sana, wingi wa mazoezi hauiundi upya. Unamsaidia mtu kutumia vizuri kilichobaki. Laiti vidole vingepimwa siku ya pili, familia ingeambiwa ukweli huu mapema, na pesa za sindano pengine zingebaki mfukoni.

Kuhusu familia kuwa ndio watoa tiba, tahadhari inahitajika. Utafiti wa ATTEND uliofanyika India, wenye wagonjwa 1,250, ulichapishwa mwaka 2017 na kukuta kwamba kuwafundisha ndugu wafanye mazoezi na mgonjwa nyumbani hakukupunguza vifo wala utegemezi baada ya miezi 6. Makundi yote mawili yalikuwa asilimia 47. Ile karatasi ya siku ya tisa ilikuwa mfano mdogo wa jambo hilohilo, na haikuzaa kitu. Tofauti niliyoiona kuanzia wiki ya 7 ni kwamba kila wiki daftari lilifunguliwa mbele ya mtaalamu, kiasi kikaongezwa au kupunguzwa kufuatana na kilichoandikwa, na zoezi lililoshindikana likavunjwa vipande. Ndugu walikuwa mikono ya tiba. Kuamua dozi hawakuachiwa peke yao. Sidai kwamba mpango wa namna hii ungeshinda katika utafiti mkubwa, lakini kama kuna wa kuupima hapa kwetu, ningeanzia hapo.

Kilichofeli waziwazi ni bega na wiki tano. Yote mawili yangezuilika kwa kumfundisha binti kabla ya kuruhusiwa, si kwa karatasi bali kwa kumwinua mama yake mwenyewe, kwa mikono yake, muuguzi au mtaalamu akimtazama. Na mtu apige simu nyumbani ndani ya wiki ya kwanza, gharama yake ni dakika tano za muda wa maongezi.

## Kinachoendelea

Presha sasa ni kama 138 kwa 84, na vidonge anameza kila siku. Mjukuu anahamia shule ya bweni mwakani, kwa hiyo mdogo wake wa darasa la tano ameanza kufundishwa kuandika daftari na kupima sekunde kwa simu. Bao tano za asubuhi zimebadilishwa kuwa kazi ya kushona yenyewe, yaani urefu wa mshono unapimwa kwa pima na kuandikwa palepale zilipokuwa zikiandikwa bao. Kiti kimeshushwa hadi kigoda cha chini, mara 10 asubuhi na mara 10 jioni, kwa sababu anataka kurudi kukaa mkekani na kuinuka bila ukuta.